Sudan Kusini: maswali naulizwa kila siku hapa Nakuru

Mimi ni mtu wa Kisumu lakini naishi Nakuru. Nilikaa Juba karibu miaka minne nikiuza mabati na misumari, nikatoka Desemba 2013 na begi moja tu, stori ya hiyo siku nitaigusa huko chini. Sasa kwa plot yetu nyumba tatu kati ya kumi na mbili zina Wasudan Kusini, na majirani wakiwa na swali hawawaulizi wenyewe, wanakuja kunigongea mimi kama balozi. Nimechoka kurudia, acha niandike mara moja.

Si hiyo ni kanchi kadogo tu hapo juu ya Turkana?

Kachanga ndio, kadogo hapana. Kwa ardhi wanatushinda, wao wako na zaidi ya kilomita mraba 600,000 na sisi Kenya tuko kama 580,000. Kenye ni kadogo ni hesabu ya watu: sensa ya mwisho ilifanywa 2008, kabla hata hawajawa nchi, na ilipata watu milioni 8.26. Tangu hiyo siku hawajahesabiwa tena, kila namba unaona ni makadirio. Sasa chukua hao watu uwatawanye kwa nchi kubwa kuliko Kenya, katikati uweke kinamasi kinaitwa Sudd chenye hata Mto Nile ukiingia unapotea njia, ndio utaelewa kwa nini mtu wa Malakal na mtu wa Yambio wanaweza kuzeeka bila kuonana.

Na uchanga ni uchanga kweli. Uhuru ni 9 Julai 2011. Mtoto aliyezaliwa hiyo siku bado hajapata kitambulisho.

Tuwaite Wasudan ama?

Wasudan Kusini. Usifupishe. Najua hapa stendi kila mtu mrefu mweusi ni "Msudan" na hakuna ubaya umekusudia, lakini Sudan ni ile nyingine ya Khartoum, ile walipigana nayo miaka na miaka ndio watoke. Ni kama mtu akupate Kondele akuite wa Tanzania kwa sababu nyinyi nyote mnaongea Kiswahili.

Jina lenyewe walilijadili kabla ya uhuru, kulikuwa na wenye walitaka Azania, wengine Kush, wengine Jamhuri ya Nile. Mwishowe wakabaki na Sudan Kusini kwa sababu dunia ilikuwa imeshalizoea. Mpangaji wa nyumba namba nne anasema hilo ndilo kosa la kwanza la serikali yao, wangechukua Kush na haya maswali yote yangeisha.

Ni kweli nchi yao ilitengenezewa Naivasha?

Karibu. Hii ndio hunishangaza, watu wa kaunti hii hii ya Nakuru hawajui.

Sudan ilipata uhuru 1 Januari 1956, lakini hata kabla ya hapo, Agosti 1955, wanajeshi wa kusini walikuwa wameasi pale Torit. Vita vya kwanza vikaenda mpaka 1972 wakaelewana Addis Ababa. Mei 1983 vikaanza tena kutoka Bor, hapo ndipo John Garang alitokea na jeshi la waasi la SPLA, na hivyo vya pili vilienda miaka zaidi ya ishirini. Wakaja kuzungumzia Kenya. Msuluhishi alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mtu wetu wa Keiyo, mwanajeshi wa maneno machache. Julai 2002 walisaini Machakos kwamba watu wa kusini watakuja kupiga kura wajiamulie wenyewe. Halafu wakahamia Naivasha, na kwa hoteli za kando ya ziwa Garang akakaa na makamu wa rais wa Sudan, Ali Osman Taha, wakabishana juu ya jeshi, mafuta, nani anapata kiti gani, kitu kimoja kwa kingine mpaka 2004. Mkataba mzima ukasainiwa Nairobi 9 Januari 2005. Mpaka leo wengi wao hawasemi jina lake rasmi, wanasema tu "Naivasha". Mzee mmoja Juba aliniuliza ninatoka wapi, nikasema karibu na Naivasha, akasimama akanisalimia upya.

Garang alikufa 30 Julai mwaka huo huo, helikopta ikianguka akitoka Uganda. Wiki tatu tu baada ya kuapishwa. Salva Kiir ndiye alichukua nafasi yake na ndiye rais mpaka saa hii, yule mwenye kofia kubwa nyeusi, ya kwanza alipewa na George W. Bush na hajaivua tangu hapo.

Kura yenyewe ilipigwa Januari 2011, hata waliokuwa Kenya walipigia huku. Karatasi ilikuwa na picha mbili, mikono miwili imeshikana kwa umoja na mkono mmoja umeinuliwa kwa kujitenga, ili hata mama asiyejua kusoma asikosee. Asilimia 98.83 wakachagua mkono mmoja. Kwa wiki kadhaa Juba ulikuwa unainua mkono tu barabarani badala ya salamu.

Wewe ulikuwa huko siku ya uhuru?

Nilikuwa. Nilifunga duka, kila mtu alifunga. Sherehe ilikuwa pale kwa kaburi la Garang, jua la kuchoma bongo, watu wamepanda juu ya miti na magari, Kibaki alikuwepo, Bashir, rais wa Khartoum wakati huo, pia alikuja na watu wakashangaa. Sikuona bendera ikipanda, nilikuwa nyuma sana, niliona tu watu wa mbele wakianza kulia halafu kilio kikarudi nyuma kama wimbi mpaka kikatufikia sisi wauza mabati. Mwanamke kando yangu alikuwa ameshika picha tatu za vijana na hakuwa anaimba, alikuwa anazionyesha tu kule mbele.

Kwa nini bendera yao ni kama yetu?

Nyeusi, nyekundu, kijani na mistari myeupe, ndio, ziko karibu. Yao haina ngao, iko na pembetatu ya bluu upande wa mlingoti na nyota ya manjano ndani. Bluu ni maji ya Nile, nyota ni umoja. Ilikuwa bendera ya SPLM, chama cha Garang, tangu msituni.

Wajaluo kweli walitoka huko ama ni hadithi za nyanya?

Hapa nitakaa kidogo mnisamehe, ni mambo ya kwetu.

Si hadithi tu. Wanahistoria na watu wa lugha wanakubaliana Wajaluo walishuka kutoka upande wa Bahr el Ghazal, pole pole, vizazi na vizazi, kupitia Uganda mpaka ziwani. Wenye walibaki ama wakaenda njia ingine bado wako: Washilluk wenyewe wakijiita Collo, Waanywaa, Waacholi wa upande ule, Wapari, na wale Waluwo wa kule Wau. Siku ya kwanza nilimsikia Mwanywaa akiomba maji akasema "pi" niligeuka nikidhani ni mtu wa Siaya. Si ati mtaelewana kila kitu, hapana, ukianza kuongea haraka mnapotezana, lakini unashika neno hapa neno pale kama redio yenye stesheni mbili.

Wadinka na Wanuer hao ni mabinamu wa mbali zaidi lakini tabia zinafanana mpaka inachekesha. Sisi mtoto akizaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Wao Wadinka wako na Deng, na Deng ni mvua.

Halafu kuna maji. Maji ya ziwa letu yanatokea Jinja, yanapita Uganda yote, yanaingia Sudan Kusini kupitia Nimule mpaka Juba. Kwa hivyo ile 2020 ziwa lilijaa mpaka Dunga na Nyando watu wakahama, hayo maji yalikuwa yanaenda kwao, na huko majimbo ya Jonglei na Unity mafuriko yalikuwa yameshaanza tangu 2019. Mji wa Bentiu ulizingirwa na maji kuanzia 2021 ukabaki kama kisiwa, watu wanaishi nyuma ya kuta za udongo. Na samaki mbuta huyo huyo tunajivunia Kisumu ni mgeni kwetu, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Kwenye Nile yao ni mwenyeji.

Kama walitaka uhuru sana hivyo, mbona wakapigana wenyewe kwa wenyewe?

Ukiuliza hivyo kwanza kumbuka 2007 kwetu hapa Nakuru, halafu uliza kwa sauti ya chini.

Kwa kifupi: Kiir alimfuta makamu wake Riek Machar Julai 2013, na 15 Desemba usiku risasi zikaanza kambini Juba. Ugomvi wa wakubwa wa chama ukashuka chini ukawa Mdinka, watu wa Kiir, na Mnuer, watu wa Machar. Mimi nilijificha siku tatu kwa stoo na Waganda wawili na jamaa wa Bungoma, tukila biskuti, halafu tukapata gari mpaka Nimule. Mwenye tulikuwa tunafanyia biashara, mwenzetu tu wa kutoka Kenya, alikuwa ameshatoroka na pesa za wiki mbili, huyo namwachia Mungu.

Wakasaini 2015, ikavunjika Julai 2016, wakasaini tena Septemba 2018, Machar akarudi kuwa makamu wa kwanza Februari 2020. Aprili 2019 katikati hapo Papa Francis aliwaalika Vatikani akapiga magoti akawabusu viatu, mzee wa miaka zaidi ya themanini, na Februari 2023 akaenda Juba mwenyewe kwa kiti cha magurudumu. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, Septemba akafunguliwa mashtaka ya uhaini. Uchaguzi tangu uhuru hawajawahi kufanya hata mmoja, kila ukikaribia unaahirishwa, tarehe waliyopanga mwisho ni Desemba 2026. Waliokufa kwenye hivyo vita vya 2013 mpaka 2018 wanakadiriwa karibu laki nne. Kwa hivyo jirani yako akiwa kimya siku hiyo ya Desemba, mwache tu.

Wanaongea lugha gani? Kiswahili kitanifikisha?

Rasmi ni Kiingereza. Mtaani Juba ni Kiarabu cha Juba, ambacho si kile cha Msikitini, hiki kimekatwa kikalainishwa mpaka mtu wa Cairo hakitambui vizuri. "Ita kef?" ni habari yako, "kweis" ni nzuri, "gurush" ni pesa, "mafi" ni hakuna. Ukijua "mafi gurush" umejikinga na nusu ya shida za mji.

Kila jamii iko na lugha yake, wanasema makabila 64. Kiswahili utapata kwa wengi waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Nairobi, Kitale, Eldoret ama Uganda, na soko la Konyo Konyo utapatana bei bila shida. Tangu 2016 pia wao ni wenzetu kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hii mambo ya ng'ombe ni kweli ama ni maneno ya watalii?

Ni kweli kuliko vile unadhani. Jina lenyewe la Garang kwa ukamilifu ni John Garang de Mabior, na Mabior ni dume jeupe. Malual ni ule wekundu wa ng'ombe, Majok ni mweusi na mweupe. Yaani mtu anabeba rangi ya ng'ombe kwa kitambulisho. Mahari inahesabiwa kwa ng'ombe na huko si tatu nne kama zetu, ni makumi, familia zenye uwezo zinapita mia. Ukitoka Juba kuelekea kaskazini mpaka Terekeka utakuta Wamundari kwa kambi zao, pembe ndefu kama mikono ya mtu mzima, moshi wa kinyesi kufukuza nzi, vijana wamejipaka majivu. Hao pia ndio mafundi wa mieleka. Mieleka Juba watu wanalipa kiingilio, wanapiga ngoma, wanatukanana kwa mashairi. Nilikuwa naenda Jumapili badala ya kulala.

Nani hao wa basketboli kila mtu alikuwa anawasema?

Bright Stars. Hapa ndipo hata wasioongea wanaongea.

Kwanza urefu wanao, hiyo hakuna kitendawili, Manute Bol wa zamani alikuwa mita 2.31. Lakini urefu si timu. Luol Deng, aliyezaliwa Wau akakimbizwa mtoto mpaka Misri halafu Uingereza akaja kucheza NBA, alichukua shirikisho la nyumbani akaanza kutumia pesa zake mwenyewe, akawatafuta vijana waliotawanyika Australia na Marekani. Nchi haikuwa na ukumbi wa maana wa kufanyia mazoezi. 2023 wakaenda Kombe la Dunia mara ya kwanza, wakamaliza bora Afrika, wakapata tiketi ya Olimpiki.

Julai 20, 2024, London, mechi ya kirafiki na Marekani ya akina LeBron James. Tulikuwa tunaangalia hapa plotini, simu moja watu tisa. Walikuwa wanaongoza Marekani kwa pointi zaidi ya kumi. LeBron ndiye aliokoa sekunde nane zikiwa zimebaki, 101 kwa 100. Mimi sijawahi kuona watu wakisherehekea kushindwa namna ile, mama wa nyumba namba saba alitoka na sufuria akaipiga mpaka ikabonyea.

Wiki iliyofuata Olimpiki yenyewe, mechi ya kwanza na Puerto Rico, wachezaji wamesimama mkono kifuani, na wimbo wa taifa unaopigwa ni wa Sudan. Ile nyingine. Watu waliokufa miaka hamsini ili wasiimbe huo wimbo. Wachezaji wakasimama tu, ukazimwa, wakangojea, halafu wa kwao wenyewe ukapigwa. Wakashinda 90 kwa 79. Ndio maana nilisema huko juu usifupishe jina.

Na riadha usisahau, Rio 2016 timu ya wakimbizi ilikuwa na wakimbiaji watano wa Sudan Kusini kutoka Kakuma, walifanyia mazoezi Ngong kwa Tegla Loroupe wetu wa Pokot Magharibi.

Wanakula nini?

Kisra, ambayo ni kama chapati nyembamba sana ya mtama uliochachushwa. Asida ni ugali wao, laini kuliko wetu, mtu wa Kakamega atalalamika. Mboga ya majani na njugu iliyosagwa inaitwa kombo, hiyo ukionja utaacha sukuma. Samaki wa Nile. Na chai: wanawake wanakaa chini ya mti na viti vya plastiki, wanaweka tangawizi na viungo, glasi ndogo, sukari nyingi. Habari zote za mji ziko hapo kabla zifike redioni.

Pesa iko? Naweza kwenda kutafuta kazi?

Ilikuwa. Wakati wetu dola moja ilikuwa kama pauni tatu zao, saa hii zinahesabiwa kwa maelfu. Serikali inategemea mafuta karibu kwa kila kitu, na mafuta lazima yapite bomba la Sudan mpaka Port Sudan. 2012 waligombana juu ya ada wakafunga visima zaidi ya mwaka, biashara yangu iliugua hapo. Februari 2024 bomba lenyewe likapasuka huko Sudan katikati ya vita vya watu wengine. Fikiria mshahara wako unapitia kwa jiko la jirani mwenye hamuelewani. Ndio maana utasikia mwalimu ama mwanajeshi amekaa miezi bila kulipwa.

Wakenya bado wako, benki zetu ziko, mafundi wako. Ukienda beba dola mpya, za zamani watakurudishia. Picha usipige ovyo, hasa daraja, uwanja wa ndege na mtu yeyote mwenye magwanda, wanataka uwe na kibali. Mambo ya viza uliza ubalozi kabla usilipe mtu wa kati.

Njia ni gani?

Wengi wanapitia Malaba, Kampala, Gulu, wanavuka Elegu kuingia Nimule, halafu kilomita 192 za lami mpaka Juba. Hiyo ndio barabara ndefu ya kwanza ya lami waliyopata, ilimalizika 2012. Njia ya Kitale, Lodwar, Lokichoggio mpaka Kapoeta ni fupi kwa ramani tu. Saa pia utarudisha nyuma moja: Februari 2021 waliamua kuachana na saa zetu.

Joto usiniulize. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto la digrii 45.

Wako na wanyama kama Mara?

Wanatushinda. Hesabu ya kutoka angani iliyofanywa 2023 ilipata karibu swala milioni 6 wakihama upande wa Boma na Jonglei. Mara na Serengeti zikiunganishwa hazifiki hapo. Watalii ndio hakuna.

Jirani yangu kazaliwa Kakuma, hajawahi kukanyaga huko, lakini kila siku "nyumbani, nyumbani". Anamaanisha wapi?

Huyo ni kama binti wa nyumba namba nne, anasoma uuguzi hapa. Mama yake ni wa Bor, aliingia Kenya miaka ya 1990 wakati Kakuma ilikuwa mpya, imefunguliwa 1992 kwa wale vijana waliotembea kutoka Ethiopia. Binti anaongea Kiswahili kuliko mimi, anashabikia Gor, anakula mutura. Tarehe 9 Julai anafunga bendera kwa dirisha na tarehe 30 anaitoa anaikunja, hiyo ni siku ya mashujaa wao.

Siku moja stima imepotea tumekaa nje, akaniuliza mimi Mkenya nimwambie Juba inanukia aje. Nikafikiria sana. Nikataka kusema vumbi, moshi wa makaa, dizeli ya jenereta. Nikamwambia maembe. Mwezi wa nne na wa tano miembe ya barabarani inaangusha maembe mpaka yanaozea kwa mtaro, hakuna mwenye anayauza kwa sababu kila mtu anayo. Akasema mama yake hajawahi kumwambia hiyo. Akaingia ndani kumuuliza.